Mwani kwa Kiungulia cha Fundi Wangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Nimehesabu kwenye kalenda, maana moyo wangu unasema ilikuwa jana. Mume wangu — mume wangu! bado nikiandika neno hili natabasamu peke yangu kama chizi — ameondoka asubuhi amebeba chakula chake cha mchana kwa mikono miwili, utadhani kabeba mayai. Wali, maharage, kabichi. Nilishindilia mpaka kifuniko kikagoma. Akasema hakuna fundi vigae duniani mwenye bahati kama yeye.

Ila hicho kiungulia! Jioni karudi kashika kifua. Anasema akiinama tu, moto unapanda kutoka tumboni hadi kooni, na mdomo unakuwa mchungu. Na kazi yake yote ni kuinama. Nani anapanga vigae akiwa wima? Msimamizi kamwambia ukumbi wa maktaba lazima uishe tarehe 22, na akiendelea kusimama kila dakika kumi, sakafu atapewa fundi mwingine. Sakafu ile! Kaichora mwenyewe, nyota kubwa katikati yenye ncha nane. Mchoro wake anautembeza mfukoni kama picha ya mtoto.

Hanyang'anywi mtu sakafu hapa. Nimesema mimi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Bahati iliyoje! Kaingia dukani kwetu mama mmoja anayeuza mwani, ule mkavu na wa unga, anataka nakala mia mbili za kikaratasi chake. Mimi huwa nalisha mashine ya fotokopi huku nasoma vya watu (bosi kashanisema mara tatu). Leo nikasoma: MWANI HUTULIZA KIUNGULIA. Unauloweka, unauchemsha mpaka unakuwa uji wa kuteleza. Ukifika tumboni, ute wake unaelea juu kama kifuniko, tindikali haipati njia ya kupanda.

Kifuniko! Nilitaka kumkumbatia. Nikachukua mfuko mzima wa mwani mkavu, na nakala moja iliyotoka imepinda nikaitia mkobani.

"Dada, una mgonjwa nyumbani?"

"Nina mume."

Alicheka mpaka akakalia boksi la karatasi.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimeosha mwani maji manne, mchanga bado unatoka. Nimechemsha, nimechuja kwa kitambaa cheupe tulichopewa harusini (samahani shangazi). Nyumba nzima inanuka bahari. Mume wangu kasimama mlangoni akauliza kama avue viatu au avae vya kuogelea. Mchekeshaji!

Ladha — Mungu nisamehe — kama kulamba kamba ya mashua. Nikakamulia ndimu tatu. Nikampa kikombe kabla ya kula, ili kifuniko kitangulie. Kanywa chote, hakukunja hata uso. Kisha kaniuliza kwa upole, "Kesho tena?" Jamani, mtu akupende vipi zaidi ya hapo?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Yeye anasema nafuu ipo. Anasema huku anameza mate.

Ngazini nikakutana na Rula, mwenzake wa kazini, anayekaa ghorofa ya juu. "Shemeji, mumeo leo kainama na kuinuka mchana kutwa, nikadhani anafanya mazoezi ya jeshi." Sikucheka. Anasema msimamizi alikuwa anahesabu.

Halafu mama mkwe kapiga simu. Sauti tamu kama sharubati. "Mimi sisemi kitu, bibi harusi. Ila mwanangu hakuwahi kuwa na kiungulia kabla ya kuoa."

Hajasema kitu!!!

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Aibu ya mwaka. Mama wa mwani kaingia kabeba bunda lake, macho yamemtoka. "Wewe dada, umenitolea upande mmoja!"

Mia mbili. Zote upande mmoja. Kikaratasi kilikuwa na nyuma, na mimi, kwa furaha ya kifuniko, sikukigeuza. Bosi alinitazama tu, jambo ambalo ni baya kuliko kusemwa. Nimezirudia zote nikiwa nimesimama, na safari hii nikasoma nyuma.

Kunywa BAADA ya kula. Usishushie na maji mengi. Usichanganye na ndimu wala kitu kichachu. Usile ukashindilia, na ukishakula usiiname wala kulala mpaka yapite masaa mawili matatu. Kumeza kukiuma, au hali ikiendelea wiki nyingi, muone daktari.

Yaani nimemtibu mume wangu kwa nusu ya karatasi!

Nikamweleza yule mama wa mwani habari ya ndimu tatu. Akashika kichwa. "Tumbo linawaka, na wewe unamwagia ndimu?" Kisha akaniuliza, anakula sana? Nikamwambia mchana anakula chombo kimoja tu, nakipakia mwenyewe. "Basi kipunguze, umpe mwani baada ya kula. Atatulia."

Atatulia. Najua.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mwani bila ndimu, baada ya kula, na wali nimepunguza. Jioni hakushika kifua. Usiku kalala kama gogo. Asubuhi kaimba bafuni, vibaya, lakini kaimba! Mwani wangu oyeee!

Ila mchana bado. Kila mchana, kuanzia saa nane, moto ule ule. Mwani ule ule, mke yule yule. Kwa nini mchana tu?

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Leo kasahau chupa yake ya mwani mezani. Nikaomba ruhusa ya saa moja, nikaikimbiza maktaba mwenyewe. Nilivaa gauni la bluu. Mke wa fundi lazima apendeze.

Nikamkuta kakaa juu ya mifuko ya saruji. Chombo changu pembeni, kitupu, kimekombwa. Na magotini kwake — sufuria. Ya mama yake. Imejaa nyama na viazi, na yeye anatafuna polepole kama mtu anayebeba matofali kwa meno.

Mama mkwe anakaa mtaa wa pili kutoka pale. Saa saba kila siku analeta, anaiacha kwa mlinzi, anarudi jioni kukagua kama kimebaki kitu.

"Kila siku?" nikauliza.

"Tangu Jumatatu ya kwanza baada ya harusi."

"Na changu?"

"Chako nakula kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema akimrudishia mama, mama atasema nimemteka. Akinirudishia mimi, nitalia. Nikamwambia mimi silii ovyo. Nikalia papo hapo. Halafu nikacheka, naye akacheka, kiungulia kikampanda, akashika kifua.

Milo miwili mizima, kisha anapiga magoti na kuinama! Hata nikichemsha mwani wa bahari nzima, utafunika nini hapo?

Ile nyota imebakiza ncha tatu tu iishe. Nzuri mpaka niliogopa kuikanyaga. Kaapa juu ya ile nyota: Jumapili mama akija kututembelea, atamwambia mlo mmoja wa mchana unatosha. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Leo sikumpakia kitu. Kala cha mama, nusu, nyingine Rula kamsaidia. Kisha mwani, kisha saa mbili za kukata vigae akiwa wima.

Kainama kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Hakusimama hata mara moja! Msimamizi kaacha kuhesabu. Tumecheza jikoni, bila muziki.

Lakini kile chombo changu kwenye kabati, kikavu. Sikipendi kikiwa kikavu.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Naandika haraka, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nimesema nafuata kitambaa cha meza.

Mama mkwe kafika na sufuria mbili. Hajakaa vizuri, kasema mwanawe amekonda, na kuanzia kesho atampelekea na cha saa nne. Siku tano zimebaki za sakafu! Kisha akanigeukia, anatabasamu: "Hivi, bibi harusi, unamlisha nini mwanangu?"

Nikamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia dari.

Ningeweza kusema mimi. Maneno ninayo, yamejipanga. Lakini nikisema mimi, ni mkwe mkorofi. Akisema yeye, ni mtoto anayempenda mama yake. Na kaapa.

Mlango nimeuacha wazi kidogo. Nasikia kila kitu.

"Mama," anasema. "Kuhusu chakula cha mchana."

"Naam, baba. Hakitoshi?"

Sema, mpenzi. Sema!

"Kaa kwanza ule," anasema mama, laini kabisa. "Utaniambia ukishashiba."

Kiti kimevutwa. Anapakua. Anapakua mpaka nimechoka kusikiliza.

Kijiko kimegonga sahani. Mara moja.

Cha pili sijakisikia. Nasikia sahani inasukumwa: "Mama, nakuambia kabla sijashiba."