Kikapu cha Bibi Katika Nyumba ya Maskini

Dada Koku, shikamoo. Kadi hii usimsomee Bibi.

Mvua imenizuia hapa Rugu, nikajibanza kwenye iliyokuwa Nyumba ya Maskini, walikotunzwa wasio na ndugu. Wa mwisho alipofariki, katekista aliifanya makumbusho: mikongojo yao, vibuyu, mablanketi, vyote vimepangwa ukutani. Hapo nimeona kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni. Dada, mistari yake inazunguka kinyume, vilevile anavyosuka Bibi kwa mkono wa kushoto. Nani mwingine husuka hivyo?

“Mwenye kikapu alitoka machimbo ya bati ya Kyerwa, kifua kimeharibika,” katekista ameniambia. “Tulipomuuliza kwao, alisema hana kwao. Lakini humo aliweka punje mbili, za mgeni atakayekuja kumwulizia. Zimo bado.”

Baba mdogo naye si alikwenda machimboni, asirudi tena? Katekista amekwenda kuleta daftari la majina.

Bibi akiuliza, mwambie nampenda, mvua ikikatika narudi. Na aendelee kumbakizia Baba mdogo kahawa yake kila jioni, mpaka nifike mwenyewe.

Mdogo wako,
Deo