Jumamosi Tuliyoahirisha Njia ya Moto

Baba yangu mpendwa,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu furaha yake bado imenijaa hadi kooni, na kwa sababu hiyohiyo nashindwa kuitazama picha yako ukutani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipandisha msituni juu ya Olmotonyi, siku za msaragambo, kijiji kizima kikifyeka njia ya moto, ule ukanda wa kuuzuia moto usivuke? Wewe na panga, mimi na kidumu cha maji. Ulikuwa ukiokota majani yaliyoanguka, unayafumbata, kisha unaniwekea kiganjani. "Mwanangu, yakikulowesha, moto utatambaa chini ufe wenyewe. Yakivunjika, utapanda miti." Enzi hizo za uhai wako yalinilowesha hata mwezi wa tisa.

Mwaka huu masika yalikatika mapema, na vuli hatujaiona. Migomba imejikunja. Msaragambo ulipangwa Jumamosi ileile ya harusi yangu, nikampigia mwenyekiti wa kitongoji nikamwomba ausogeze mbele. Alicheka, akasema bibi harusi hanyimwi kitu. Wote wakashuka Kijenge harusini, wamependeza. Na Elia wangu, Baba! Aliponilisha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, nikalia mbele za watu.

Huku nyuma njia ya moto ilibaki na nyasi za kiunoni, kavu. Katikati ya wiki mtu alichoma magugu shambani, upepo ukayabeba. Zamani ungekuwa moto wa jioni moja. Huu uliruka njia, ukapanda hadi vilele vya miti, ukala msitu mpaka kwenye chemchemi. Miti uliyotundikia mizinga yako ya nyuki imebaki vijiti vyeusi. Mama hajanilaumu. Ananiuliza tu kama nakula vizuri, na hilo ndilo linaniumiza.

Tulipanda na Elia kuona. Nikamuuliza kama ingekuwa heri tuahirishe harusi. Akaniuliza, "Wewe ungekubali?" Naona haya kukwambia kwamba hata leo sijamjibu.

Upande wa chini wa msitu umesalimika. Tumeacha chumba chetu kipya cha Lemara, fungate tunaimalizia kwa Mama, na kesho tunafyeka pamoja na wenzetu. Asubuhi hii nilifumbata majani, yakawa unga chini ya pete yangu. Nikamwekea Elia kiganjani, nikamwambia ulichoniambia.

Ni mimi,
binti yako, mke wa Elia