Gari la Doto Lilipokataa Kuondoka

Igogo, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini Koku anakusomea polepole, hakimbizi mistari kama anavyokimbiza rozari. Goti lako linaendeleaje? Kahawa mmeshaanika? Mimi mwili hauna neno, ila moyo ndio mgonjwa. Ndizi za hapa sokoni ni zile zile, ukizipika unatamani kulia, na watu wananiambia nizoee ugali.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimeomba uhamisho kwenda kufundisha kijijini kwa wakwe zangu, nikakujibu mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na shida. Ni mimi niliyeshindwa kusema, kwa hiyo leo nakuandikia.

Tangu tumzike mume wangu Doto kwao, kule mbele ya Kisesa, huwa nakwenda kila Jumapili baada ya misa, kwa gari lake lile dogo la bluu. Nafika, nasalimia, napalilia majani pale kaburini, nasali, naaga. Nikiwasha gari, haliwaki. Taa zinawaka, honi inalia, lakini injini haizunguki, nasikia "tak" moja tu, basi. Tena ni otomatiki, hata ukilisukuma ni kazi bure.

Mara ya kwanza nililaumu betri. Akaja Kulwa, pacha wa Doto, yule uliyeshindwa kumtazama usoni msibani. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya marehemu, "Shemeji, huyu ndugu yangu hataki uondoke. Ngoja niongee naye." Akachota maji kwa kata, akayamwaga kidogo kaburini, akaongea naye Kisukuma kwa upole, kama walivyokuwa wakiongea siku zote. Mama mkwe akanikalisha barazani na sahani ya michembe, vile viazi vyao vya kukausha. Jua lilipopungua makali Kulwa akasema, "Haya, jaribu sasa." Likawaka.

Ikawa ndio desturi yetu ya Jumapili. Na mjini, Mama, gari halikugoma hata siku moja! Asubuhi linawaka, jioni nikitoka shuleni linawaka. Nilimpelekea fundi Masanja, gereji yake iko hapa chini ya mlima. Akaliwasha asubuhi, likaitika. Akabadilisha betri, akaniambia gari ni zima. Jumapili likagoma tena pale pale.

Mama mkwe akaanza kunisihi. "Mkamwana, mume wako anakuita nyumbani. Huko mjini unamfanyia nani kazi?" Hakusema kwa ubaya. Nasi hatukujaliwa mtoto wa kusema namfanyia yeye. Unanijua, mimi si mtu wa kuamini mambo hayo. Lakini hili nilitaka kuamini. Wanawake wenzangu waume wao wakifa wanawaacha, mimi wangu alikuwa bado ananizuia mlangoni. Jumamosi nilikuwa napiga pasi gauni huku naimba, kama msichana anayesubiriwa na mchumba. Ndipo nikaomba uhamisho.

Siku niliyompitia Masanja kumuaga, akaniuliza, "Mwalimu, na lile gari, huko kijijini ukifika unakaa sana kabla ya kuwasha?"

"Nusu saa hivi."

"Na hapo limetoka safari, la moto. Shuleni je?"

"Linashinda limeegeshwa."

Akakuna kichwa, akaniambia tutoke. Tulikwenda mpaka Usagara na kurudi, jua la mchana, akalizima mbele ya gereji. Tukanywa soda. "Washa." Nikawasha. Tak. Hapo hapo Igogo, kwenye vumbi na harufu ya dagaa, mbali na kaburi la mtu yeyote. Masanja akaingia chini ya gari, akaigonga stata, ile mota inayozungusha injini, kwa spana, akapiga kelele niwashe. Likawaka.

"Stata imechoka," akasema. "Ikipata moto inagoma, ikipoa inaitika. Ile betri nilikuonea bure, mwalimu, nisamehe." Alifurahi kweli, maana lilikuwa limemsumbua. Alipoifungua na kutengeneza, nikamwambia airudishe kama ilivyokuwa, na ubovu wake. Akacheka, akadhani namtania. Nilimchukia, Mama, na hakuwa na kosa lolote.

Jumapili nikaenda. Nikasali, nikaaga. Kulwa alishasimama tayari na kata yake ya maji. Nilikaa kwenye usukani muda mrefu bila kugusa ufunguo. Mama mkwe ananitazama kutoka barazani. Nikazungusha, na gari likawaka mara moja.

Kulwa aliyatazama yale maji, halafu akayamwaga chini miguuni pake. "Basi kweli amekwenda," akasema. Mama mkwe akaangua kilio kama siku ile ya msiba. Nikazima gari, nikashuka. Mimi niliyekaa macho makavu mazishi yote mpaka wewe ukaniogopa, nililia mpaka wakanishika huku na huku. Niliwaeleza habari za stata, wakaitikia kwa vichwa tu. Sidhani kama walikuwa wanasikia, hata mimi sikuwa nasikia.

Mwalimu mkuu nimemwomba anirudishie barua yangu ya uhamisho. Nitabaki hapa na kazi yangu. Mama mkwe amekubali, ila ameniomba nisiache kwenda.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie nimesikia ameanza tena kunywa rubisi na daktari alimkataza. Msalimie kaka Deo na mkewe, na Shangazi aliyenisindikiza siku ya harusi, mwambie asinitafutie mtu kwa sasa. Koku, asante kwa kusoma, sasa mpe Mama maji anywe.

Jumapili nitakwenda tena kaburini. Nitapalilia, nitasali, nitaaga. Gari litawaka, Mama, nami nitaondoka.

Ni mimi binti yako,
Editha