Miwani ya Costel

Jumamosi, 9 Machi

We Shoga Karatasi, leo nimeropoka! Nilienda kile kikao cha maktaba cha kuongea kuhusu kifo. Kahawa, keki, kila mtu huru kusema lake. Nilidhani watu watalia — wapi! Mzee mmoja kasema jiwe lake la kaburi lina jina tayari, bado tarehe tu. Mkewe hulipangusa kila Jumapili. Mke akadakia: ningekuachia wewe lingeota ukungu!

Nikapandwa na mzuka. Nikasimama, nikasema bibi yangu, Paraschiva, ana saratani ya ini. Daktari katuambia mimi na Mama, yeye tumemdanganya ni nyongo tu. Makofi! Na mimi nikaona fahari. Nikaongeza keki.

Kugeuka — Mama Saveta, jirani yetu, kakaa nyuma na chai yake.

Jumapili, 10 Machi

Nimemvizia nje ya kanisa. Nikamsihi asimwambie Bibi. Kasema, mwanangu, mimi na umbea wapi na wapi? Mama akijua ataniua.

Jumatatu, 11 Machi

Mama kazini. Saveta kaja na kitambaa. Ndani — miwani ya marehemu mumewe, Costel. Walimzika bila hiyo, eti sasa anamjia ndotoni anapapasa kuta.

"Paraschiva dada'angu, ukienda umpelekee. Nitaitia mwenyewe kwenye jeneza lako."

Hapa kwetu watu huwatumia marehemu wao vitu hivyo — lakini humtuma maiti! Si mtu anayemenya viazi!

Bibi kaweka kisu chini. Kaivaa.

"Mungu wangu! Costel alikuwa haoni kiasi hiki? Ndiyo maana alikuoa."

"Toka hapa, mchawi we!"

Wakacheka wote wawili, mpaka machozi. Mimi nimesimama tu kama gogo.

Saveta alipotoka, Bibi akafuta vioo kwa aproni. Hakunitazama.

"Kumbe si nyongo. Wangapi wanajua, Ilinca?"

Nikasema: maktaba nzima.

"Nzima. Mimi wa mwisho." Halafu polepole: "Mama yako asijue kwamba najua. Hatastahimili."

Mlango! Mama karudi mapema. Bibi kaisukumiza miwani kifuani, kaanza kuimba, kashika kiazi. Anaimba! Kwa ajili yetu!

Nimejifungia chooni. Mama anagonga: Ilinca, unalia nini humo? Shoga, ungekuwa wewe, ungefungua ukamwambia nini?