Mama Yako Anajua Uko Hapa?

Duluth, Minnesota
9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Arvid,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, natumaini nawe huko Kalifornia hujambo na jua halijakukausha. Baba ni mzima wa mwili. Anakula, ananyoa ndevu mwenyewe, na barua hii ataitia mwenyewe kwenye sanduku la posta hapo kona, maana ndiyo kazi aliyobaki nayo na haachi hata mvua inyeshe. Ndiyo sababu sikupigii simu. Ukimnyima barua ya kupeleka, ananuna siku nzima.

Habari kubwa unaijua kuliko sisi: msimu wa mwisho wa katuni yenu, Dobi wa Nyota, unaanza Oktoba. Miaka kumi na minne ya kufua nguo za sayari zote, halafu basi! Tutautazama kwenye ukumbi wa chini wa maktaba, sisi mashabiki wote sitini, na glavu za jikoni mikononi ili tufanane na roboti Tufi. Mwenzetu Duane ameshanunua mpya. Nimewaambia kwa mara ya mia kwamba mdogo wangu ni mmoja wa waandishi wa katuni hiyo, nao wakajifanya wameshangaa kwa mara ya mia.

Usinidokezee kitu. Niambie moja tu: Kapteni Plank atamfikisha Tufi nyumbani? Roboti yule nampenda kuliko wanaume wote wawili walionichumbia.

Na lile nililokuandikia mwezi wa tatu kuhusu Baba, libaki kwako. Hata daktari sijamwambia. Nilihitaji kumwambia mtu, na mtu wangu ni wewe.

Dada yako,
Kirsti

Burbank, Kalifornia
20 Septemba

Dada Kirsti,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa adimu. Nisalimie Baba. Mwambie naukumbuka mkate wake wa iliki, na kwamba hadi leo sinyanyuki kwenye kiti mpaka majina yote ya waliotengeneza kipindi yapite mwishoni. Hapa kazini wananicheka. Nawaambia kwetu Baba alikuwa akiyasoma kwa sauti, kuanzia mkubwa wao mpaka mleta chai, akisema mtu aliyefanya kazi lazima atajwe. Tulikuwa tukikaa kimya kama tuko kanisani, unakumbuka?

Kuhusu Tufi, sisemi neno. Msimu huu ni mzuri, dada, mzuri kuliko yote. Ila nakuomba kitu: sehemu ya kwanza itazame nyumbani, peke yako. Maktaba nenda wiki ya pili. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako,
Arvid

Duluth
14 Oktoba

Arvid,

Baba hajambo. Salamu nyingine zitangoja.

Nilikwenda maktaba. Nilidhani unanitania, maana ulikuwa hivyo tangu utotoni. Nikakaa mstari wa mbele, glavu mikononi.

Tufi akatumbukia kwenye pipa la kufulia, kumbukumbu zake zote zikaoshwa. Kapteni Plank, mwanamke wa miaka sitini aliyemuunda kwa mikono yake mwenyewe, akamtoa na kumpangusa. Tufi akamtazama, akamwambia: "Wewe ni mtu mwema. Mama yako anajua uko hapa?"

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ukumbi mzima uliangua kicheko, glavu zikapiga puf, puf, puf, nami nikacheka nao kwa sauti kabla sijajua nacheka nini. Halafu nikaliona jiko letu, supu ya Baba ikipoa, na Baba akinitazama mimi bintiye na kuniuliza swali hilohilo, kwa adabu ileile. Neno kwa neno, Arvid. Hata kupunguza hukupunguza.

Ilipokwisha, Duane akasimama akifoka kwamba mmemharibu Tufi, eti tangu msimu wa pili inajulikana kumbukumbu zake ziko kwenye pasi yake ya nguo, si kichwani, kwa hiyo maji hayawezi kuzifikia. Mwenzetu mwingine, Verna, akamwambia akae chini, hii ndiyo sehemu bora kuliko zote, yeye hajacheka na kulia kwa pamoja tangu mumewe afariki. Kisha wote wakanigeukia mimi, dada wa mwandishi, waniulize niko upande gani. Nilivua glavu nikatoka. Majina yalikuwa bado hayajapita. Ni mara ya kwanza maishani mwangu.

Jana Verna aliniletea fulana yenye maneno hayo kifuani. Alidhani nitafurahi.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuona wewe. Nilikuomba libaki kwako. Ukaenda ukalianika kwenye kamba, kila mpita njia alione.

Dada yako, maana hilo siwezi kulibadilisha,
Kirsti

Burbank
22 Oktoba

Dada Kirsti,

Shikamoo, ingawa najua hutaki kuipokea.

Sina cha kukataa. Tulikuwa waandishi wanane chumbani, wiki ya tatu ya kuandika, hatujui roboti aliyesahau kila kitu atasema nini. Kila mtu anatoa kichekesho, kila kichekesho kinakufa. Mdomo wangu ukalitamka swali la Baba kabla sijaukataza. Wakacheka, halafu wakafuta machozi, jambo ambalo, dada, sijawahi kuliona mahali pale. Ningeweza kusema hapohapo, "Samahani, hilo si langu." Sikusema. Walinipongeza, na nilipenda kupongezwa.

Lakini nisikilize kidogo. Wewe unaye Baba. Unamwona akisahau, lakini unamwona. Mimi ninazo barua zako tu. Sentensi ile niliisoma mpaka karatasi ikachakaa kwenye mkunjo. Nilitaka nami niwe na kitu chake.

Tazama sehemu ya mwisho, tarehe kumi Desemba. Kapteni Plank anamjibu. Jibu lile nimeliandika peke yangu, kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Arvid

Burbank
3 Desemba

Dada Kirsti,

Shikamoo. Wiki sita hujajibu. Natumaini Baba ni mzima.

Mtandaoni mashabiki wanararuana. Nusu wanasema tumewasaliti, nusu wanasema hatujawahi kuandika vizuri hivi. Wote hao hawaninyimi usingizi. Wewe ndiye unayeninyima.

Nataka kuja Krismasi. Nije, au nisije?

Mdogo wako,
Arvid

Duluth
12 Desemba

Arvid,

Natumaini u mzima. Baba anakohoa kidogo, si kitu. Ziwa limeanza kuganda ukingoni.

Sehemu ya mwisho nimeitazama nyumbani, na Baba. Mimi si mwongo: ni nzuri. Tufi anauliza tena, "Mama yako anajua uko hapa?" na Kapteni anamjibu, "Anajua. Ndiye aliyenituma nije nikae nawe." Nimelia. Baba alitikisa kichwa kukubali, akasema huyo mama alikuwa na akili.

Sasa nikuambie mimi nilimjibu Baba nini siku ile jikoni. Hilo sikukuandikia, ndiyo maana hukuweza kulichukua. Nilikuwa nimechoka, Arvid. Nilimwambia, "Mama alikufa, Baba. Mimi ni Kirsti, mwanao." Akapata habari ya kifo cha Mama kama ndiyo kwanza inafika, akalia mpaka jioni akiniomba radhi. Nilikuandikia nusu ya kuchekesha kwa sababu nusu nyingine sikuweza. Nilitaka uniulize, "Ukamjibuje?" Hukuuliza. Ulikuwa umeshapata ulichohitaji.

Majina yalipoanza kupita, Baba alijiweka sawa kwenye kiti akayasoma yote kwa sauti, polepole, kama zamani. Hilo bado analo. Alipofika kwako akasoma, "Arvid Niemela." Akasita. "Huyu naye Niemela," akasema. "Sijui ni wa watu gani." Akaendelea na aliyefuata.

Ningeweza kumwambia. Sikumwambia.

Krismasi usije.

Barua hii ataipeleka yeye mwenyewe, koti ameshavaa na ananisubiri mlangoni. Ataniuliza inakwenda kwa nani. Nitamwambia inakwenda kwa mtu mmoja wa televisheni.

Kirsti Niemela