Kila Siku, Profesa!

Jumatatu, 4 Machi
Majadiliano ya kikundi leo, bekari. Wakandaji, soda, mimi na kinasa sauti changu. Swali: mnavaa glavu mkikanda unga? Wote: kila siku! Msimamizi wa zamu — wanamwita Bi Amri — aliwajibia hata kabla sijamaliza kuuliza. Mzee mmoja alitaka kusema kitu, akatazamwa, akakigeuza kikawa kikohozi. Wamekubaliana mno hawa!

Jumanne, 5 Machi
Profesa wangu kasikiliza kanda. Kasema huo si mjadala, ni kwaya. Nikafanye kazi nao, nione kwa macho yangu. Nisipopata ukweli, sihitimu mwaka huu — na mama ameshashona nguo ya mahafali! Haya, nimevaa aproni. Leo wote wana glavu. Wananiamkia kama bwana afya.

Ijumaa, 8 Machi
Wamenizoea! Glavu zimelala boksini. Yule mzee wa kikohozi kanieleza: mkono ukivaa mpira hausikii kama donge limelainika. Ila mwenye bekari akijua, mtu anafukuzwa siku hiyohiyo. Nikaapa sitataja jina la mtu. Jamani, ushuhudiaji, kufanya kazi nao na kujionea, ndiyo njia! Mgongo lakini, mama yangu wee.

Jumanne, 12 Machi
Nimevua glavu zangu. Zilinasa kwenye donge, tukazitafuta nusu saa. Bi Amri kacheka mpaka machozi, kasema sasa nimekuwa mtu. Nilifurahi kweli. Mtafiti hatakiwi kufurahi hivi.

Alhamisi, 14 Machi
Balaa! Profesa kaja bila taarifa, mwenye bekari nyuma yake. Anataka kulinganisha njia zote mbili mwenyewe, kikundi na ushuhudiaji. Kaanza na kikundi, na mimi nikae na wakandaji, eti nimeshakuwa mwenzao. Swali lilelile. Mzee akaanza kukohoa. Bi Amri akanitazama mimi. Mwenye bekari naye akanitazama. Nikajibu kwa sauti kubwa kuliko wote: kila siku, Profesa! Kila siku!

Kaandika. Halafu kavua koti, kaomba aproni — atakanda nasi mpaka jioni.

Naandika haya nikiwa chooni. Bi Amri kanipenyezea glavu chini ya mlango, ananong'ona nizivae upesi. Mtafiti gani mimi, nauficha ushahidi wangu mwenyewe! Mkono wa kushoto umeingia. Wa kulia unagoma, na Profesa huyo anauliza niko wapi—