Chumvi Yetu na Huzuni ya Adila

Bagamoyo,
20 Aprili 2025.

Mpendwa mwanangu Yunus,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako naiitikia kabla hujaitoa: marahaba, baba. Hujambo huko ugenini Salala? Mgongo umepona? Unakula chakula cha maana, au ni mikate ya dukani tu? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mvua zimeanza, mabwawa ya chumvi yamejaa maji, na baba yako anashinda nyumbani akigombana na kila apitaye.

Mimi shangazi yako nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikilifikia jambo lenyewe, mtandao wako unakatika. Mkizungumza mpira na baba yako haukatiki. Barua hii anakuletea jirani yetu Mikdad, na nimemwambia asiondoke kwako mpaka uimalize.

Nimesikia unataka kumwacha Adila na kumrudisha kwao Miono. Dada yako Zuhura amekwambia kwamba tangu ajifungue mkeo anashinda kitandani, salamu haitikii, mtoto analia naye anatazama ukuta, na juu ya hayo ananenepa. Zuhura hakusema uongo. Ila aliuita uvivu kitu ambacho ni ugonjwa.

Mimi nilishtuka siku nilipomkuta amevaa sweta adhuhuri, mwezi wa pili, jua la kuchoma ngozi. Sauti imekauka, nywele zinabaki kwenye kitana. Nikamuuliza una nini, akasema, "Sijui, Shangazi. Naona kama sina faida hapa duniani." Maneno hayo yalinikata maini. Majirani walishasema ana jini, na kombe la maji ya dua alishakunywa. Mwalimu aliyemsomea dua ndiye aliyetuambia tumpeleke hospitali, Mungu amlipe.

Daktari alimshika shingo, akamtoa damu, kisha akauliza nyumbani tunapikia chumvi gani. Nikajibu kwa maringo yote: ya kwetu wenyewe, ya bwawani, haijapita kiwandani hata punje! Akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa, mama," akasema.

Kumbe ile ya dukani hutiwa madini joto, na yetu haina. Sisi tunakula samaki kila siku, hao wanatusaidia. Adila tangu apate mimba hata harufu ya samaki alikuwa haitaki, na mjamzito huhitaji madini hayo zaidi ya watu wote. Majibu ya damu yalipotoka, tezi ya shingoni ilikuwa imelegea. Tezi hiyo ndiyo inayousukuma mwili utumie chakula. Ikilegea, mtu anakula kidogo na bado ananenepa, anahisi baridi, na moyo nao unazama katika huzuni. Wenyewe wanaiita sonona.

Daktari hakutuahidi miujiza. Alisema huenda chumvi imechangia, huenda na uzazi wenyewe, na kwamba wako watu wenye sonona ambao tezi zao ni nzima kabisa. Akampa dawa ya kumeza kila asubuhi kabla ya chai, akataka arudi kupimwa, na akasisitiza asiachwe peke yake na asisimangwe. Hilo la mwisho nimelisimamia mimi. Zuhura anajua.

Na baba yako? Alinuna wiki nzima, kana kwamba daktari amemtukana yeye. Sasa jikoni tunapikia chumvi ya dukani, ile yake tunaanikia samaki, na amani imerudi.

Yunus, mkeo anarudi. Sweta limeingia sandukuni. Juzi alionja mchuzi wangu wa samaki changu, akaniambia mbele ya wageni kwamba ndimu haitoshi! Mimi, niliyemfundisha kupika mchuzi huo! Nilifurahi nikaenda kulia uani. Mwanao Samia ameota meno mawili na anamng'ata mama yake, naye anacheka.

Baba yako anakusalimu, na Zuhura pia, ingawa kwa aibu. Mwinyijuma mdogo wako anauliza viatu. Msalimie Ausi, mwenzako wa chumbani.

Sasa nisikilize vizuri. Jana Adila alikuwa ananisuka, akaniuliza, "Shangazi, Baba Samia bado ananitaka?" Hajui uliyoyasema, na kwa kinywa changu hatayajua. Nilimwambia, "Ijumaa, baada ya swala, atakupigia mwenyewe akwambie." Ijumaa hiyo atakaa kibarazani na simu mapajani, mwanangu, nami nitakuwa nimekaa pembeni yake.

Mola akulinde ugenini na aulainishe moyo wako.

Shangazi yako akupendaye, na asiyependa kuitwa mwongo,

Dija